Kijana Akifika Kumi na Minane, Asiachwe Peke Yake



Leo nataka tuwaongelee vijana ambao majina yao hayasikiki sana kwenye baraza zetu. Ni wale waliolelewa nje ya nyumba za wazazi wao. Wengine wamekulia kwenye makao ya watoto hapa Lodwar, Turkana. Wengine wamekulia kwa familia za walezi. Wengine walivuka mpaka bila baba wala mama, wakafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kaya fulani ikawapokea. Wakiwa wadogo tunawahurumia. Tunawapelekea unga, sabuni na nguo wakati wa Krismasi, na tunapiga nao picha. Siku wanapofika miaka 18, huruma inakatika, na msaada unakatika pamoja nayo.

Tuanze na sheria. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Ni sheria nzuri. Imetambua malezi ya kambo, imetambua kuasili mtoto, na imetambua kafala, yaani utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto wa mwingine. Inasema mtoto ni mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Hapo ndipo tatizo la leo linapoanzia. Kijana akifikisha umri huo, afisa wa watoto anafunga faili lake. Mlezi hana tena wajibu wa kisheria juu yake. Makao ya watoto yana mdogo mwingine anayesubiri kile kitanda. Hata ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii inayosaidia kaya zinazolea yatima imewekwa kwa ajili ya mtoto, na yeye sasa anaitwa mtu mzima.

Nikuulize, mzee wangu unayenisikiliza: wewe ulipofika miaka 18, ulisimama peke yako?

Katika boma la Mturkana hakuna kijana anayeambiwa asimame peke yake. Mifugo yake ya kwanza anapewa na baba yake, mnyama mmoja mmoja, tangu akiwa mdogo. Akitaka kuoa, mahari haitoki mfukoni mwake. Baba anatoa, baba wadogo wanatoa, wajomba wanatoa, na marafiki wa mifugo wa baba wanaleta ngamia na mbuzi wao. Siku ya kutoa mahari, wazee wa emachar yake, yaani ukoo wenye alama moja ya mifugo, wanakaa upande wake na kumsemea. Hata akiwa na miaka 30, mambo yakimwendea vibaya, ukame ukimmalizia mifugo, anajua boma la kurudi. Tunasema mtu ni watu, na kwetu huku maneno hayo ni hesabu kamili ya mbuzi na ngamia.

Sasa iweje yatima tumdai jambo ambalo hatumdai mtoto mwenye baba na mama? Yule asiye na mtu ndiye tunayemwambia: umekuwa mkubwa, jitegemee. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Tunawafundisha vijana hawa kujitegemea, ilhali katika nchi hii hakuna anayeishi kwa kujitegemea. Tunapaswa kuwatafutia watu.

Twende kwenye mambo yenyewe. La kwanza ni shule. Huku kwetu watoto wengi huanza masomo wamechelewa. Huyu alikuwa akichunga, yule alihamahama na mifugo, mwingine alipoteza miaka kwa sababu ya vita vya Sudan Kusini au njaa. Kwa hiyo miaka 18 inamkuta kijana katikati ya sekondari, pengine hata hajamaliza msingi. Kama anasoma bweni, anakula na kulala shuleni muhula mzima. Kisha shule inafungwa. Geti linafunguliwa, wenzake wanapanda pikipiki na matatu kwenda kwao. Yeye amesimama na sanduku lake la bati na godoro lililokunjwa. Aende wapi? Makao aliyokulia yanasema yeye si mtoto tena. Mlezi wake ameshahama kufuata malisho, au nyumba imejaa. Likizo ya mwezi mmoja inakuwa mtihani mgumu kuliko ule wa darasani. Wapo wanaoacha shule hapo hapo, akili zikiwa timamu na karo ikiwa imelipwa, kwa kukosa tu mahali pa kulala mwezi wa Desemba.

La pili ni kitambulisho. Kila Mkenya anakihitaji akifika 18. Nenda ofisi ya usajili asubuhi uone foleni. Kijana anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Anaulizwa nakala za vitambulisho vya wazazi. Chifu au naibu wake anatakiwa kuthibitisha kwamba anamjua na anaijua jamii yake. Yule aliyelelewa na wazazi anakuja na baba yake, swali linaulizwa, baba anajibu, wanaondoka. Huyu wetu anajibu nini? Baba ni nani? Simjui. Mama alizikwa wapi? Sijaambiwa. Ukoo wako? Kimya. Ananyooshewa kidole aende kwa ofisa mwingine, na huyo anamrudisha kwa wa kwanza.

Bila kipande hicho, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Hawezi kuomba mkopo wa masomo wa HELB. Hawezi kupata leseni ya kuendesha pikipiki. Hawezi kupiga kura. Askari akimsimamisha njiani usiku, hana la kumwonyesha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto aliyeokotwa Kenya akionekana hajafika miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Haki hiyo imeandikwa tayari. Lakini haki hiyo haitembei yenyewe hadi dirisha la usajili. Inahitaji mtu mzima wa kuibeba, faili mkononi, wakati mtoto bado ni mdogo na kumbukumbu bado zipo.

La tatu linawahusu wasichana, na naomba akina mama na akina baba mnisikilize kwa makini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Kwa msichana anayelelewa na watu wasio wazazi wake, sheria hiyo ni ukuta unaomkinga. Siku anapofika 18 ukuta unaondoka, na nyuma yake hayupo kaka, hayupo mjomba wa kuuliza: huyu mwanamume ni nani, na binti mwenyewe amekubali? Wako walezi wanaompenda kama mtoto wao wa tumbo, Mungu awabariki. Wako pia wanaoona mahari tu. Na wako wanaomtoa nyumbani, akaenda kufanya kazi za ndani mjini kwa malipo ya chakula na pa kulala. Akipata ujauzito huko, mtoto wake naye hana boma, kwa maana kwetu mtoto ambaye mahari ya mama yake haijalipwa huhesabiwa kwa babu mzaa mama. Na kama babu hayupo? Hapo ndipo unapoona jinsi shida moja inavyozaa nyingine, kizazi hadi kizazi.

Msikilizaji, jambo hili halikuanza jana. Kakuma yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watoto wasio na wazazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka na Wanuer, walikimbia vita kwa miguu hadi Ethiopia. Mei 1991 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka, wakalazimika kukimbia tena. Wakavuka mto Gilo risasi zikivuma. Wengi walizama, wengine waliliwa na mamba. Mwaka 1992 wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa mwaka huo huo. Dunia ikawaita Wavulana Waliopotea wa Sudan.

Wavulana wengi waliwekwa katika vikundi. Walijenga vibanda vyao, wakapika kwa zamu, watu wazima wachache wa jamii yao wakiwaangalia. Wasichana hawakuwekwa hivyo. Kwa kufuata desturi, waligawiwa kwa familia za walezi. Ilionekana ndiyo salama zaidi. Basi, Marekani ilipokubali kuwachukua vijana takriban 3,800 kutoka Kakuma, wengi wao katika mwaka 2000 na 2001, wasichana waliopata nafasi walikuwa 89 tu. Kwa nini? Kwa sababu kwenye karatasi wasichana hawakuwa peke yao. Walihesabiwa kuwa wana familia. Hakuna aliyerudi kuuliza ndani ya zile familia wanaishije, nani bado anasoma, nani ameozwa. Malezi ya kambo yaliyokuwa kinga yao yakageuka pazia lililowaficha.

Kuna funzo la pili katika habari hiyo hiyo. Wengi wa vijana wale hawakujua walizaliwa tarehe gani. Maofisa wakawakadiria umri kwa kuwatazama na kuwauliza, wakawaandikia tarehe 1 Januari. Aliyekadiriwa chini ya 18 alipofika Marekani alipokewa na familia ya walezi, akaandikishwa shule. Aliyekadiriwa 18 au zaidi aliwekwa katika nyumba ya kupanga pamoja na wenzake, akasaidiwa miezi michache, kisha akatakiwa atafute kazi, alipe kodi, na alipe deni la tiketi ya ndege iliyomleta. Watu waliotembea njia moja, wakala mgao mmoja, walitenganishwa na tarehe ambayo hakuna mama aliyeishuhudia.

Mtazame mmoja aliyepata familia. Lopez Lomong alitekwa kijijini kwao Kimotong akiwa na miaka sita, akatoroka, akaishi Kakuma kwa miaka 10. Mwaka 2000 alitembea na wenzake hadi nyumbani kwa mtu mwenye televisheni, akalipa shilingi tano, akamwona Michael Johnson akikimbia katika Olimpiki ya Sydney. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16, alichukuliwa na familia ya walezi katika mji mdogo wa Tully, jimbo la New York. Alipotimiza 18, mlango haukufungwa. Waliendelea kuwa wazazi wake, akasoma hadi chuo kikuu, na mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, akabeba bendera ya Marekani mbele ya wanamichezo wenzake. Mbio alikuwa nazo tangu Kakuma. Alichoongezewa ni watu waliokaa naye baada ya umri wa kisheria kupita. Na kambini walibaki wenye mbio kama zake.

Serikali kadhaa zimelielewa jambo hili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1999 ya kuwasaidia vijana wanaotoka kwenye malezi, na mwaka 2008 ikaruhusu majimbo kuendelea kuwalea hadi miaka 21. Uingereza humpa kijana wa namna hiyo mshauri wake mwenyewe, anayeweza kumtegemea hadi miaka 25. Hizo ni nchi tajiri, utaniambia. Ni kweli. Lakini hata sisi tumekwisha kuandika. Mwongozo wa taifa wa malezi mbadala wa mwaka 2014 unazungumzia maandalizi ya kuondoka na ufuatiliaji baada ya kuondoka. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao warudi kwenye familia na jamii. Sheria inairuhusu hata mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 ikiwa kijana anasoma au ana hali maalumu. Kinachokosekana ni mtu wa kumpeleka huyo kijana mahakamani, na shilingi katika bajeti ya kumfuatilia.

Na hapa lazima niseme wazi. Mageuzi ya kuwatoa watoto kwenye makao ni mema, kwa sababu mtoto anastahili kukulia nyumbani. Lakini kama tutamrudisha kijana kwa jamaa ambao hajawaona kwa miaka 10, tukamwacha mlangoni na mfuko wa nguo na neno la pole, hatujamrudisha nyumbani. Tumehamisha upweke wake kutoka mjini kwenda kijijini. Kurudi kwenye boma kunahitaji muda. Aende likizo moja, aende ya pili, ajue majina ya shangazi zake, ajue mbuzi wa nani ni wa nani, wazee wamtambue mbele za watu. Kazi hiyo ianze akiwa na miaka 10 au 12, kabla hajasahau lugha ya kwao.

Kwa upande wa Kakuma mzigo ni mzito zaidi. Vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013 vilileta wimbi jipya la watoto waliokuja peke yao, na wale waliokuwa na miaka minane wakati ule leo ni watu wazima. Kijana mkimbizi akifika 18 anapaswa kupata kitambulisho chake cha mkimbizi, na akitaka kutoka nje ya kambi anahitaji kibali. Amejifunza kuchomelea vyuma, amejifunza kushona, amejifunza umeme. Lodwar iko kilomita kama 120 tu kwa barabara ya lami, lakini hawezi kuamka akaenda kutafuta kibarua kama mwenzake wa Lodwar anavyoweza. Na walezi wake nao wamebanwa. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana kwa sababu fedha za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilipungua, na kuanzia Agosti kaya zikawekwa katika makundi kulingana na uhitaji. Sufuria ikipungua, mama mlezi mwenye wanawe watano na wa kupokea wawili ana uamuzi mchungu sana. Tusimlaumu kabla ya kumuuliza alichonacho ndani.

Najua yuko msikilizaji anayesema: ukiwasaidia baada ya 18 utawadekeza. Vijana wengi wa Turkana hawana kazi, kwa nini hawa wapendelewe? Swali hilo nalijibu kwa heshima. Kijana yeyote asiye na kazi anastahili kusaidiwa, na basari ya kaunti iwe ya wote. Lakini asiye na kazi mwenye mama ana bakuli la uji jioni. Ana pa kuugulia. Akikamatwa, kuna atakayefika kituoni. Hatuombi huyu apewe zaidi ya wengine. Tunaomba apewe kile ambacho wengine wanakipata bila kuomba.

Basi tufanye nini? Nitasema machache yanayowezekana, na kila mmoja achukue lake.

Wenye makao ya watoto na mashirika: mtoto anapoingia, fungueni faili la watu wake siku hiyo hiyo. Jina la kijiji, la ukoo, la shangazi, la jirani aliyemleta. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe akiwa mdogo, kisisubiri miaka 17 na nusu. Na msimwondoe kijana yeyote katikati ya mwaka wa shule kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa.

Machifu na wazee wa mitaa: kijana akifika kwenu hana baba wa kumtaja, simameni nanyi mahali pa baba huyo. Mnamjua. Mmemwona akicheza mpira na watoto wenu. Neno lenu pale ofisini lina uzito.

Wakuu wa shule za bweni: shule ikikaribia kufungwa, ulizeni nani hana pa kwenda, muulizeni faraghani, mumtafutie familia ya kukaa nayo kabla ya siku yenyewe.

Serikali ya kaunti na waheshimiwa wa bunge la kaunti: tengeni fungu dogo linalojulikana kwa jina, la kulipia chumba, vifaa vya kazi na nauli kwa kijana aliyetoka malezini, hadi afike angalau miaka 21. Na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili wakimbizi na wenyeji waishi na kuhudumiwa pamoja, uwakumbuke vijana hawa wa pande zote mbili katika orodha moja. Fundi aliyelelewa Kakuma na fundi aliyelelewa Lodwar wanaweza kufungua karakana moja.

Nanyi vijana wenyewe mliopitia haya: shikaneni. Hapa Kenya kipo chama cha watu waliokulia katika malezi, Kenya Society of Care Leavers, kilichoanzishwa na wenyewe ili wajisemee. Aliyewatangulia mwaka mmoja anajua ofisi ipi inafunguliwa lini na chifu yupi anasikiliza. Muulizeni.

Na wewe mama mlezi, wewe baba mlezi, uliyelea mtoto wa mwenzio kwa miaka yote hii bila kupigiwa makofi: asante. Nina ombi moja. Kabla hajatimiza 18, mwite ukae naye. Mwambie kwa maneno yaliyo wazi, kwa lugha yenu, kwamba umri wake umebadilika kwa serikali lakini kwako haujabadilisha kitu. Kama huna chakula cha kumpa, mwambie hivyo pia, mpange pamoja. Kisha mchukue uende naye kwa chifu, kwa mwalimu wake na kwa wazee wa ukoo, uwaambie mbele yake: huyu ni wetu, akiwa na shida mtuite sisi.

Fanyeni hivyo mwezi huu, wasikilizaji. Wako wanaosubiri.